Dawa Iliyodhaniwa Haina Madhara

Mwaka 2004 hospitali 15 za Uholanzi zilianza utafiti ambao wengi waliutarajia mema. Wagonjwa waliolazwa kwa uvimbe mkali wa kongosho wangepewa, pamoja na chakula cha kupitia mpira, unga wenye bakteria rafiki wa aina sita, wa jamii ileile inayogandisha mtindi. Nusu ya wagonjwa wangepewa unga unaofanana na huo lakini usio na bakteria, ili ulinganisho uwe wa haki. Mgonjwa hakujua kapewa upi, na daktari wake pia hakujua. Hadi mwaka 2007 walikuwa wameandikishwa wagonjwa 298, na 296 kati yao ndio waliohesabiwa mwishoni. Matokeo yalipofunguliwa, katika kundi la bakteria walikuwa wamekufa 24 kati ya 152. Katika kundi la unga mtupu walikuwa wamekufa 9 kati ya 144.

Utafiti huo unaitwa PROPATRIA, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet. Nauleta hapa kwa ajili ya watu ambao huenda hawajawahi kulisikia jina hilo, lakini wana karatasi ya maabara nyumbani inayosema trigliseridi zao ziko juu, na kando yake wana kopo la vidonge vya bakteria waliloshauriwa na rafiki, na muuzaji, au na video iliyotumwa kwenye simu. Wanaviita probayotiki, na wanaambiwa vitasafisha mafuta kwenye damu. Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wao. Huenda mwakani nikawa mimi, kwa maana mafuta haya hupanda bila kuuma, na mtu anayeambiwa kwamba ana tatizo asilolihisi hutamani sana tiba nayo iwe ya aina hiyo: isiyouma, isiyonyima chai ya sukari wala chipsi za jioni.

Tuanze na uhusiano wa mambo haya mawili, kwa sababu kwa mbali kongosho na kopo la vidonge havionekani kuhusiana.

Trigliseridi ni mafuta ambayo mwili huyatumia kuhifadhi nishati. Sehemu yake hutoka kwenye mafuta tunayokula, na sehemu nyingine hutengenezwa na ini kutokana na sukari, wanga na pombe iliyozidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha kabisa nyama ya mafuta, akaendelea na soda na maandazi, na vipimo vyake visishuke. Wengi wetu huzichanganya na kolesteroli, ilhali hivyo ni vitu viwili ingawa hupimwa pamoja. Chini ya milimoli 1.7 kwa lita ni kawaida. Zikifika 5.6 ni nyingi sana. Zikipita 11 hivi, damu ikiachwa itulie kwenye chupa ya maabara, maji yake ya juu huwa meupe kama tui la nazi, na hapo hatari si ya moyo peke yake tena. Kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo inayotoa insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula, inaweza kuwaka ghafla. Vimeng'enya vyake huyavunja mafuta hayo kuwa asidi zinazoiunguza yenyewe. Baada ya vijiwe vya nyongo na pombe, trigliseridi nyingi huhesabiwa kuwa chanzo cha tatu cha ugonjwa huo.

Wagonjwa wengi wa Uholanzi walikuwa na vyanzo vile viwili vya kwanza, na ni haki kulisema hilo. Lakini kongosho ikishawaka kwa nguvu, kitanda ni kilekile na hatari ni zilezile. Mtu anayemeza bakteria ili ashushe trigliseridi zilizopanda mno ana njia ya kuingia katika kitanda hicho. Akiingia nacho kikopo chake mfukoni, kisa cha Uholanzi kinakuwa chake.

Sasa, kwa nini madaktari wazima waliamua kuwapa wagonjwa mahututi bakteria? Sababu yao ilikuwa na akili. Katika uvimbe mkali wa kongosho, sehemu ya tezi hufa. Ukuta wa utumbo nao hudhoofika, bakteria wa ndani wakapenya, wakaenda kuoza ile sehemu iliyokufa. Maambukizi hayo ndiyo huua wengi. Matumaini ya kuyazuia kwa antibiotiki yalikuwa yameanza kupungua. Kisha mwaka 2002 ikatoka ripoti kutoka Hungaria: wagonjwa 45, baadhi wakipewa bakteria hai wa aina moja na wengine bakteria haohao waliouawa. Waliopata maambukizi mabaya ya kongosho walikuwa 1 kati ya 22 kwa waliopewa bakteria hai, na 7 kati ya 23 kwa wenzao. Mtu akizisoma namba hizo usiku akiwa na mgonjwa anayezidiwa wodini, atashawishika. Mimi ningeshawishika.

Lakini watu 45 ni wachache. Wagonjwa watatu wanne wakibadilisha upande, hadithi nzima inageuka. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya kwenda polepole. Na kwa kuwa watafiti wa Uholanzi hawakuwa wazembe, walifanya kilicho sahihi kwa dalili hiyo: waliandaa utafiti mkubwa zaidi. Tusisahau hilo. Bila wao pengine mpaka leo wagonjwa wa kongosho wangekuwa wanapewa bakteria hao kwa moyo mweupe katika hospitali nyingi duniani, na vifo vingehesabiwa kuwa vya ugonjwa.

Dalili ya pili ilikuwa ngumu kuiona kwa sababu ilifichwa na sifa njema. Bakteria hawa walijulikana kuwa chakula. Watoto wanakunywa mtindi, wazee wanakunywa mtindi, nani amewahi kufa? Hoja hiyo inamhusu mtu mwenye utumbo mzima anayekula kwa mdomo. Wagonjwa hawa walipokea bakteria bilioni 10 kwa siku, moja kwa moja ndani ya utumbo mwembamba kupitia mpira, pamoja na chakula chenye nyuzinyuzi, wakati damu inayofika utumboni mwao imepungua na viungo vingine vinaanza kushindwa. Historia njema ya kitu katika mwili wenye afya haikuwa ushahidi kwa mwili wa namna hiyo. Ilichukuliwa kuwa ushahidi.

Dalili ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Macho ya wote yalikuwa kwenye maambukizi. Ndicho walichotaka kukipunguza, ndicho walichokipima. Mwanzoni walipanga wagonjwa 200, halafu walipoona maambukizi kwa jumla ni machache kuliko walivyotarajia, waliongeza idadi ili tofauti, kama ipo, ionekane. Katikati ya kazi kamati ya usalama ilipitia takwimu, na utafiti ukaendelea mpaka mwisho. Namna hesabu hiyo ya katikati ilivyofanywa na kusomwa ni moja ya mambo yaliyozua lawama baadaye. Na mwishoni maambukizi yalikuwaje? Asilimia 30 kwa waliopewa bakteria, asilimia 28 kwa wasiopewa. Hakuna tofauti ya maana. Kifo kilipita mlango mwingine. Wagonjwa 9 wa kundi la bakteria utumbo wao ulikosa damu ukaanza kufa, na 8 kati yao wakafariki. Katika kundi la pili hakuna hata mmoja aliyepatwa na hilo.

Kwa nini ilitokea, wataalamu wamependekeza maelezo kadhaa. Wapo wanaosema bakteria wengi waliongeza mahitaji ya oksijeni katika utumbo ambao tayari ulikuwa na njaa ya damu. Wapo wanaoelekeza kidole kwenye asidi inayotengenezwa bakteria wanapochachusha chakula pale. Wengine wanakumbusha kwamba kundi lililopewa bakteria lilianza na wagonjwa wengi zaidi ambao viungo vyao vilikuwa vimeshindwa, kwa hiyo bahati mbaya ya kura ina sehemu yake. Mjadala huo ni halali. Hata ukiupa uzito wote, hakuna aliyeonyesha kwamba bakteria wale waliwafaa.

Desemba 2009 vyombo vitatu vya usimamizi vya Uholanzi vilitoa ripoti iliyokosoa namna utafiti ulivyopangwa na kusimamiwa, na mwaka uliofuata The Lancet likachapisha tamko la wasiwasi kuhusu makala lililoyachapisha lenyewe. Mojawapo ya vyombo hivyo vitatu ilikuwa mamlaka ya chakula. Kuwepo kwake mezani kunaeleza tatizo zima: kitu kiliingia wodini kwa heshima ya chakula kikitarajiwa kufanya kazi ya dawa.

Tugeuke sasa kwenye kopo la nyumbani.

Ni kweli kwamba wapo watafiti waliopima bakteria kwa watu wenye trigliseridi za juu kiasi, wasio mahututi. Korea Kusini walijaribu mchanganyiko wa aina mbili kwa wiki 12, na trigliseridi zikashuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Ni habari njema, nami siibezi. Lakini ni aina zile mbili, kwa kipimo kile, kwa watu ambao mafuta yao hayakuwa yamepanda mno. Tafiti nyingi zikikusanywa pamoja, faida inayoonekana zaidi ni kushuka kidogo kwa kolesteroli. Kwa trigliseridi matokeo ni hafifu na yanapingana. Jina la ukoo wa bakteria likifanana halimaanishi kazi inafanana. Kopo lililoandikwa tu "bakteria bilioni 50" bila kutaja ni aina gani halijakuambia kitu.

Na hapa ndipo tunapoirudia ile dalili ya tatu, sisi tulio mbali na Uholanzi. Mtu anaanza vidonge. Baada ya wiki mbili choo kimekuwa laini, gesi imepungua, tumbo jepesi. Anafurahi. Anasema dawa inafanya kazi, mafuta yanatoka. Anachokipima ni tumbo. Kilichompeleka kwa daktari kilikuwa damu. Huenda tumbo limepata nafuu ya kweli kabisa, na trigliseridi zikawa zimepanda kutoka 6 hadi 9 katika miezi hiyohiyo, kwa sababu fenofibreti, dawa ya kushusha trigliseridi aliyoandikiwa, ameiweka kabatini ili "asichanganye dawa", na kisukari chake kimeachwa bila kuangaliwa. Faraja ya tumbo ikawa pazia.

Kuna pazia jingine, tamu zaidi. Wapo wasionunua vidonge. Wanasema wao watapata bakteria kwa njia ya asili, wanaanza kunywa mtindi kila siku. Sawa. Lakini mtindi unaouzwa madukani kwenye vikopo vya rangi, wenye ladha ya stroberi au vanila, mara nyingi umetiwa sukari nyingi, na sukari ndiyo hiyohiyo ini linayoigeuza kuwa trigliseridi. Soma kibandiko cha nyuma. Kama hutaki kusoma, nunua mtindi mtupu usiotiwa kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane jijini Mwanza, wakishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Kanada na watafiti wa Tanzania, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa, uliojulikana kwa jina la Fiti. Kazi yao ilikuwa lishe, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Mtindi unaweza kubaki chakula kizuri bila kubebeshwa mzigo wa kutibu kila kitu.

Yanayoshusha trigliseridi yanajulikana, na wala hayana uzuri wa kuuza. Kuacha soda na juisi za sukari. Kupunguza wali, ugali wa sembe na mkate mweupe katika sahani, si kuviondoa. Kuacha pombe, na kwa mwenye trigliseridi zilizopita kiwango cha hatari ni kuiacha kabisa. Kutembea kwa kasi siku nyingi za wiki. Mtu mnene akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, trigliseridi zinaweza kushuka kwa karibu asilimia 20, na hiyo inalingana na matokeo mazuri ya wale wa Korea bila kununua kopo. Zikiwa juu sana, mafuta yote ya chakula hubanwa kwa muda na dawa zikaongezwa. Kabla ya hayo yote daktari anapaswa kutafuta chanzo: kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, figo, vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, steroidi, au baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Tafadhali usiache dawa yoyote kati ya hizo kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia, kwani mara nyingi ipo ya kubadilishia.

Sasa dalili ambayo isipuuzwe hata kwa usiku mmoja. Maumivu makali ya juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, yasiyotulia ukilala chali, pamoja na kutapika na wakati mwingine homa. Kwetu maumivu hayo hupewa haraka jina la vidonda vya tumbo, mtu akanywa dawa ya kupunguza asidi, akaongeza kidonge cha bakteria kwa kuwa "ni cha tumbo". Mwenye karatasi ya trigliseridi za juu asifanye hivyo. Aende hospitali, aichukue karatasi hiyo, na amwambie daktari kila anachomeza, kopo na majani na unga wa kwenye mfuko. Wengi wetu hatutaji vitu hivi tunapoulizwa kuhusu dawa, maana hatuvihesabu kuwa dawa. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu kongosho wa mwaka 2013 haupendekezi probayotiki kwa uvimbe mkali wa kongosho, lakini daktari hawezi kukuzuia kitu asichojua kwamba unacho chini ya mto.

Kuna wengine wanaopaswa kukaa mbali na vidonge hivi mpaka daktari aseme: mwenye kinga iliyoshuka sana, anayepata tiba ya saratani, aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na mgonjwa yeyote mahututi. Watoto njiti pia. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa hospitali baada ya mtoto njiti aliyepewa bakteria hao kufariki kwa maambukizi ya damu yaliyotokana na bakteria walewale. Bibi anayetaka kumsaidia mjukuu aliye kwenye mashine ya joto anafanya hivyo kwa upendo, na wauguzi wamwambie mapema hatari hiyo.

Kwa mtu mzima mwenye trigliseridi za juu kiasi, asiye na ugonjwa mwingine mkali, anayetaka tu kujaribu, sioni sababu ya kumgombeza. Aendelee na dawa zake na mlo wake. Aandike tarehe aliyoanza, jina kamili la aina ya bakteria na kipimo. Baada ya wiki 8 hadi 12 arudi maabara ileile, akiwa amefunga kula kwa muda uleule kama mara ya kwanza, apimwe. Kama namba haijashuka, fedha ya kopo la pili ikanunue mboga na viatu vya kutembelea.